Kivuli ni Haki ya Mwenzetu



Katika mji wetu wa Kindu jua halihitaji kutambulishwa. Tunaishi karibu nyuzi tatu tu kusini mwa Ikweta, na kila mwaka jua hupita mara mbili juu ya utosi wetu. Mvuvi wa mto Lualaba, mama anayeuza mihogo sokoni, kijana anayesukuma baiskeli iliyosheheni magunia, wote wamelizoea jua hata wamelisahau. Kwa hiyo tunaposikia habari za saratani ya ngozi, ile tunayoiita kansere ya ngozi, wengi wetu husema kwamba huo ni ugonjwa wa Wazungu wanaojianika ufukweni. Maoni yangu ni kwamba usemi huo ni nusu ya ukweli, na ile nusu nyingine, tusiyoisema, inaua. Inaua watu tunaoketi nao benchi moja shuleni na kanisani, yaani ndugu zetu wenye ualbino.

Tuanze na ngozi yenyewe. Weusi wetu una kazi. Unatokana na melanini, rangi ambayo ngozi huitengeneza na kuitandaza kama mwavuli juu ya chembe hai zilizo chini yake. Ndani ya mwanga wa jua mna mionzi isiyoonekana kwa macho, iitwayo mionzi ya urujuanimno. Mionzi hiyo inapopenya ndani ya chembe hai, huharibu maagizo yanayoielekeza chembe namna ya kukua na wakati wa kukoma kukua. Mwili hurekebisha sehemu kubwa ya uharibifu huo, lakini ule unaobaki hujilimbikiza mwaka baada ya mwaka, hata siku moja chembe iliyopotewa na maagizo yake ikaanza kuongezeka bila mpaka. Hivyo ndivyo saratani inavyozaliwa. Mwenye melanini nyingi analindwa sana, ingawa si kabisa. Asiyekuwa nayo hulikabili jua la Ikweta bila mwavuli.

Mtu mwenye ualbino ni yule ambaye mwili wake hautengenezi melanini ya kutosha katika ngozi, nywele na macho. Hakulaaniwa na mizimu, wala hakuzaliwa hivyo kwa sababu ya dhambi ya mama yake. Mtoto huyo amerithi jeni ya hali hiyo kwa baba na kwa mama, na wazazi wote wawili wanaweza kuwa weusi kabisa bila kujua kwamba wanaibeba. Wanapokutana wawili wanaoibeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Basi mume anayemfukuza mkewe kwa sababu ya mtoto wa namna hiyo anamwadhibu kwa jambo ambalo yeye mwenyewe amelichangia nusu kwa nusu. Huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini hali hiyo humpata mtu mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000. Katika Tanzania, jirani yetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, inakadiriwa kuwa mmoja kati ya 1,400. Yaani ndugu hao wako wengi zaidi mahali ambapo jua ni kali zaidi.

Dunia ilishtuka, na ilistahili kushtuka, zilipoenea habari za watu wenye ualbino waliouawa kwa ushirikina katika Tanzania na Burundi, na hofu hiyo ikafika hata mashariki mwa nchi yetu. Lakini yuko muuaji mwingine, mwenye wahanga wengi zaidi, ambaye hakuna polisi wa kumkamata. Umoja wa Mataifa umeeleza kwamba katika baadhi ya nchi, wengi wa watu wenye ualbino hufariki kwa saratani ya ngozi wakiwa na umri wa kati ya miaka 30 na 40. Kijana wa miaka 20 anayesoma maneno haya ajihesabie mwenyewe miaka ambayo ingekuwa imesalia kwake.

Hapo ndipo ninapotaka tutafakari pamoja. Kifo hicho hakishuki kwa ghafla kama radi. Huandaliwa polepole, saa baada ya saa, tangu mtoto anapobebwa mgongoni kwenda shambani akiwa kichwa wazi. Na saa hizo za jua, ni nani anayezipanga? Nyingi tunazipanga sisi. Tunapanga mechi ya mpira saa nane mchana. Tunawapanga watoto katika mistari miwili, wakimsubiri mgeni tangu asubuhi kwenye uwanja usio na mti. Tunaanza maandamano ya sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristu baada ya Misa ya pili, wakati jua limeshapanda. Shuleni tunaweka kanuni inayokataza kofia, tukidhani tunafundisha nidhamu. Hakuna kati ya hayo linalofanywa kwa nia mbaya. Hata hivyo, kwa mwenzetu mwenye ualbino kila moja ni deni linaloandikwa katika ngozi yake, na malipo yake hudaiwa baada ya miaka kumi au ishirini, wakati sisi tuliopanga ratiba tumekwisha sahau.

Kwa sababu hiyo sipendi tuendelee kusema juu ya kumhurumia mtu mwenye ualbino. Huruma hutolewa anayetoa anapojisikia. Kivuli ni haki yake, sawasawa na kiti darasani na zamu yake kisimani. Kikundi kinachopanga mambo yake pasipo kuangalia jua kinamweka mwanachama wake mmoja katika hatari ambayo wengine hawaijui.

Najua litakalosemwa. Wako watakaoniambia kwamba njia rahisi ni kumwacha mwenzetu nyumbani, ili asiungue. Ushauri huo unafanana na upendo, lakini ukiufuata utamwokoa ngozi na kumwua moyo. Kijana anayeambiwa kila Jumapili akae pembeni, wenzake wakicheza na kuandamana, atajifunza kwamba mwili wake ni kosa. Na siku moja, ili aonekane kama wengine, atakuja kucheza katika jua hilohilo bila kofia. Njia iliyo bora ni kuihamisha saa badala ya kumhamisha mtu. Mechi ianze saa kumi alasiri kwa wote. Maandamano yaanze alfajiri kwa wote. Baba zetu walilijua hilo kabla ya daktari yeyote kutufundisha: mkulima wa Maniema huamka gizani, analima kungali na ubaridi, na jua linapokuwa kali yuko tayari chini ya mti. Tukifanya hivyo hakuna atakayetengwa, na hata sisi weusi tutapungukiwa na maumivu ya kichwa na kiu.

Wengine watasema kwamba kujikinga na jua ni jambo la matajiri, kwa kuwa mafuta yake ni ghali na hayaonekani madukani kwetu. Ni kweli kwamba ni ghali. Lakini mafuta ni kinga ya mwisho katika orodha, na zile zilizo mbele yake karibu zote ni za bei nafuu.

Ya kwanza ni saa. Jua huwa kali kupita kiasi tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, na asiye na saa mkononi atazame kivuli chake: kikiwa kifupi kuliko yeye mwenyewe, aondoke juani. Wala tusidanganywe na mawingu ya majira ya mvua. Mawingu mepesi yanaweza kupitisha hadi asilimia 80 ya mionzi ile mibaya, hata kama hatusikii joto. Ya pili ni nguo: mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, kitambaa kilichofumwa kwa kukazana. Shati jeupe jepesi linalopitisha mwanga ukiliinua juu, hulipitishia jua vilevile. Ya tatu ni kofia, nayo iwe na ukingo mpana wa kuzunguka kichwa chote, upana wa vidole vinne au zaidi. Kapelo ya wacheza mpira hufunika paji la uso na kuyaacha masikio na shingo, na hizo ni sehemu ambazo saratani hupenda kuanzia. Mafundi wetu wanaosuka vikapu na mikeka hawatashindwa kusuka kofia kama hiyo. Ya nne ni miwani myeusi, kwa maana macho yasiyo na melanini huumizwa na mwanga.

Ndipo yanakuja mafuta ya kujikinga na jua. Yawe na kipimo cha 30 au zaidi, yapakwe kwa wingi robo saa au nusu saa kabla ya kutoka, na yapakwe tena kila baada ya saa mbili, hasa kwa mtu anayetoka jasho. Tusiyachanganye na mafuta mengine. Mawese, mafuta ya nazi na vaselini hulainisha ngozi, lakini hayamkingi mtu na jua la Ikweta. Anayejipaka hayo na kutoka mchana akidhani amelindwa yuko hatarini kuliko asiyejipaka kitu, kwa sababu amejipa moyo bure.

Kwamba jambo hili linawezekana katika Afrika, tuna mfano wa karibu. Huko Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, katika hospitali ya KCMC yenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, yanatengenezwa mafuta yaitwayo Kilisun, yaliyotungwa mahsusi kwa ajili ya watu wenye ualbino na kugawiwa kwao bila malipo pamoja na mafundisho na uchunguzi wa ngozi. Hapa kwetu Kongo pia yuko Mwimba Texas wa Kinshasa, mpiganaji wa mieleka mwenye ualbino, aliyeanzisha shirika la kuwatetea wenzake na kutumia ulingo kuwafundisha watu juu ya saratani ya ngozi. Umati uliozoea kuwacheka watu wenye ualbino ulilipa fedha ili kumtazama mmoja wao akishinda. Hilo nalo ni fundisho.

Pamoja na kinga tujifunze kutambua dalili, maana saratani hii ina wema mmoja: huonekana kwa macho. Haijifichi tumboni wala mapafuni. Ukiona juu ya uso, sikio, mdomo, shingo au mkono wa mwenzako kigaga kigumu kinachorudi kila kinapobanduliwa, uvimbe unaotoka damu kwa kuguswa kidogo, au kidonda kisichopona baada ya majuma manne, usimwambie avumilie. Mpeleke kituo cha afya. Ikiwa ndogo, huweza kukatwa na daktari wa upasuaji, jeraha likashonwa, na mtu akapona kabisa. Ikiachwa, hula nyama na mfupa na kusambaa mwilini. Mashine za kutibu saratani kwa mionzi haziko Kindu, na kutoka hapa hadi Kinshasa ni safari ya ndege ambayo jamaa nyingi haziwezi kuilipa. Kwa hiyo kwetu sisi, kuwahi ndiyo tiba yenyewe. Jicho la rafiki anayekutazama kila Jumapili linaweza kufanya kazi ambayo mashine ya mbali haitaifanya.

Je, sisi wenye ngozi nyeusi tuko salama basi? Mwanzoni nilisema kwamba tunalindwa sana, ingawa si kabisa. Saratani zinazotupata sisi mara nyingi hazitokani na jua, na ndiyo maana hatuzitazamii. Mwimbaji Bob Marley, ambaye nyimbo zake bado zinasikika katika mitaa yetu, mwaka 1977 aligunduliwa kuwa na saratani ya ngozi iitwayo melanoma chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Alifariki tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36. Kwa watu weusi, melanoma hupenda kujificha katika unyayo, kiganja na chini ya kucha. Saratani nyingine huota juu ya kovu la zamani la moto, au juu ya kidonda cha mguu kilichokaa wazi kwa miaka mingi. Wengi tumewaona wazee wenye kidonda cha namna hiyo, tukakizoea kama tulivyozoea jua. Doa jeusi linalokua katika unyayo, na kidonda cha miaka kinachoanza kuvimba kingo na kutoa damu, vyote ni vya kuonyeshwa kwa daktari pasipo kuchelewa.

Nisipotaja jambo moja zaidi nitakuwa nimenyamazia lile linalowagusa wengi wenu kuliko yote. Katika masoko yetu zinauzwa krimu na sabuni za kujichubua, nyingine zikiwa na haidrokwinoni, nyingine dawa kali za steroidi zinazopaswa kuandikwa na daktari, nyingine hata zebaki, ambayo ni sumu kwa figo. Kazi ya haidrokwinoni ni kuizuia ngozi isitengeneze melanini. Yaani kijana hutoa fedha zake ili aondolewe mwavuli ule ambao mwenzake mwenye ualbino angeutamani usiku na mchana. Ngozi iliyochubuliwa huungua upesi, hupata madoa na michirizi, jeraha lake ni gumu kupona. Na madaktari wa Dakar wameandika habari za wanawake weusi waliopata saratani juu ya ngozi waliyoichubua kwa miaka mingi. Tazameni jinsi mambo haya mawili yanavyotoka katika shina moja. Tunamcheka aliyezaliwa mweupe, na papo hapo tunamsifu aliyenunua weupe. Katika hali zote mbili tumeacha kuuliza ngozi inafanya kazi gani, tukauliza tu inaonekanaje.

Kwa hiyo naleta mbele yenu, viongozi wa Xaveri, wa Kiro, wa Kizito-Anuarite, wa kwaya na wa watumikiaji wa altare, mambo machache ambayo hayangoji msaada kutoka mbali. Pitieni ratiba yenu ya mwaka na kuondoa kila zoezi la uwanjani linaloangukia katikati ya mchana. Anzisheni mfuko mdogo wa kununua kofia za ukingo mpana na nguo za mikono mirefu, na ziwe sehemu ya sare ya kikundi, ili avae kila anayependa, na asiwepo wa kunyooshewa kidole. Pandeni miembe kuzunguka uwanja. Kivuli chake watakikalia wadogo zenu. Wale mnaosomea ualimu, mkiingia darasani mwekeni mtoto mwenye ualbino mbele karibu na ubao, mbali na dirisha lenye jua, na mwandike kwa herufi kubwa. Macho yake hayaoni mbali, na wengi wa watoto hao wameitwa wajinga kwa sababu tu hawakuuona ubao. Mwacheni avae kofia hata wakati wa kupandisha bendera. Nidhamu ya shule haitaanguka kwa kofia moja.

Tena tuyatazame maneno yetu. Jina la ndundu, na mengine mabaya zaidi, yanatumika uwanjani kama mzaha. Mtu anayeitwa kwa kicheko kila anapotoka mlangoni hujifunza kujificha, na anayejificha hapeleki kidonda chake hospitali. Mzaha huo una sehemu yake katika vifo nilivyovitaja.

Tarehe 18 Desemba 2014 Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 13 Juni kuwa siku ya kimataifa ya kukuza uelewa juu ya ualbino. Ninyi mnaijua tarehe hiyo kwa sababu nyingine, maana ndiyo sikukuu ya Mtakatifu Antonio wa Padova. Nayo huangukia mwezi wa sita, wakati mvua zimekoma Kindu na anga iko wazi. Mwaka huu, kila kikundi kiifanye siku hiyo kwa njia yake: mmoja alete muuguzi wa kutazama ngozi za watu, mwingine asuke kofia, mwingine apande mti. Lakini kabla ya siku hiyo kuna Jumapili hii inayokuja, yenye mazoezi na mechi ambazo saa zake zimekwisha tangazwa. Anzeni na hizo. Ulizeni jua litakuwa wapi saa hiyo, na ni nani kati yenu asiye na mwavuli, kisha ibadilisheni saa.